Kajeta ya Celaya: Jinsi Maziwa ya Mbuzi Yalivyopata Kudumu

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wafugaji, wapishi na wanafunzi mliokusanyika hapa,

Nimeombwa nizungumze juu ya kitamutamu cha Meksiko kinachopikwa kwa maziwa ya mbuzi na sukari mpaka kikawa kizito na cha rangi ya kahawia iliyokolea, nacho kwao huitwa kajeta. Nimelipokea ombi hilo kwa furaha, kwa sababu sijaona chakula kingine cha maziwa kinachodhihirisha wazi kama hiki kwamba maarifa ya kuhifadhi yalitangulia maarifa ya kuufurahisha ulimi. Kajeta ni jibu la shida ya mfugaji aliyekuwa na maziwa mengi kuliko uwezo wake wa kuyafikisha sokoni kabla hayajachacha. Karibu kila sifa tunayoipenda ndani yake leo, kuanzia rangi yake hadi ule ukali mdogo wa mbuzi unaobaki mdomoni baada ya utamu kupita, imetokana na jibu hilo. Nitaomba mnivumilie nikianza na historia, kwa kuwa asiyeijua atayaona mapishi yenyewe kama orodha ya vipimo tu.

Celaya ni mji wa jimbo la Guanajuato, katikati ya Meksiko, katika nyanda za juu ziitwazo Bajío, ambako ardhi imeinuka kiasi cha mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, yaani mwinuko unaokaribiana na ule wa Nairobi. Ulianzishwa mwaka 1570 kwa amri ya Martín Enríquez de Almanza, aliyeitawala nchi hiyo kwa niaba ya mfalme wa Hispania, na walowezi wake wa mwanzo walikuwa Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania. Kilichowapeleka huko ni fedha. Mwaka 1546 madini ya fedha yalikuwa yamegunduliwa Zacatecas, na baada ya muda mfupi mengine yakapatikana Guanajuato, na misafara iliyoyabeba kuelekea mji mkuu ilipita katika nchi ya makabila ambayo Wahispania waliyaita kwa jina moja la Wachichimeka, nayo yaliipigania ardhi yao katika vita vilivyodumu tangu mwaka 1550 hadi karibu mwaka 1590. Miji kama Celaya iliwekwa njiani ili iwe ngome na ghala kwa pamoja. Mabonde yake yenye rutuba yalipandwa ngano na mahindi kwa ajili ya kuwalisha watu wa migodini, na vilima vikavu vilivyoizunguka, visivyofaa kwa jembe, vikaachiwa mbuzi.

Hapo pana jambo ambalo ni lazima tulitazame kwa makini. Kabla ya Wahispania kufika, watu wa Meksiko hawakuwa na ng'ombe, wala kondoo, wala mbuzi. Wanyama wao wa kufugwa walikuwa hasa bata mzinga na mbwa, na maziwa ya mnyama hayakuwa chakula chao kabisa. Walikuwa na vitamutamu vyao, vilivyotiwa asali ya nyuki wadogo wasiouma au utomvu wa mageyi, mmea wa jamii ya mkonge, uliochemshwa ukawa mzito, lakini hapakuwa na mwanamke wa Meksiko ya kale aliyepata kusimama mbele ya sufuria ya maziwa akihofia yasije yakafura na kumwagika. Mbuzi waliletwa kwa merikebu katika karne ya 16, wakaizoea nchi haraka kuliko ng'ombe, kwa kuwa mbuzi hushiba mahali ambapo ng'ombe angekonda: hula majani ya miti ya miiba na hata mipungate michanga. Mvua za Bajío hunyesha takriban kuanzia Juni hadi Septemba. Malisho yakijaa, maziwa huongezeka, na ukame ukirudi, hupungua. Mfugaji wa namna hiyo, asiye na barafu wala barabara nzuri, hulazimika kutafuta njia ya kuyavusha maziwa ya miezi ya neema mpaka miezi ya dhiki. Wengine waliyageuza kuwa jibini. Watu wa Celaya waliyachemsha na sukari.

Sukari nayo ina habari yake, na sioni vema mtu akaizungumzia kajeta mbele ya hadhira ya Kiafrika akairuka habari hiyo. Miwa ililetwa Meksiko na Hernán Cortés mwenyewe katika miaka ya mwanzo ya uvamizi, na viwanda vya kuikamua vikajengwa Veracruz na katika nchi ya joto iliyo kusini ya mji mkuu, karibu na Cuernavaca. Wenyeji walipoanza kufa kwa maelfu kwa maradhi yaliyoletwa na wageni, wamiliki wa mashamba walinunua Waafrika waliotekwa, na hao ndio waliokata miwa, wakaendesha vinu na kusimama usiku kucha mbele ya matanuru ya kuchemshia maji ya miwa. Wengi wao walitoka Afrika ya Magharibi na Angola. Wapo pia waliochukuliwa na Wareno kutoka pwani ya Msumbiji, wakapelekwa Asia, kisha wakavushwa Bahari ya Pasifiki kutoka Manila hadi bandari ya Acapulco. Katika milima ya Veracruz alikuwako Gaspar Yanga, mtumwa aliyetoroka akaanzisha jamii ya watu huru. Jeshi la mwaka 1609 lilishindwa kuivunja jamii hiyo, na hatimaye serikali ya kikoloni ililazimika kuitambua, hata leo uko mji unaoitwa Yanga. Utumwa ulikomeshwa nchini humo mwaka 1829 kwa tangazo la rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na asili ya Kiafrika. Kwa karibu miaka 300, basi, kila kilo ya sukari iliyoingia katika sufuria za Bajío ilipita kwanza katika mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, na mimi ninawahesabu kuwa miongoni mwa waliokitengeneza kitamutamu hiki.

Kwa njia hiyo hiyo ya Manila na Acapulco, iliyofanya kazi tangu mwaka 1565 hadi mwaka 1815, ndipo ulipoingia mdalasini, ambao Wameksiko waliupenda kiasi kwamba hadi leo nchi yao ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa mdalasini wa Sri Lanka. Kijiti cha mdalasini kikawa mwenzi wa kudumu wa maziwa katika majiko yao.

Waliofanya kazi kubwa ya kuyapanga maarifa ya sukari na maziwa katika zama za ukoloni walikuwa watawa wa kike. Nyumba zao za kitawa, hasa zile za Puebla, Querétaro na mji mkuu, zilitengeneza vitamutamu vya kuwapa wafadhili na vya kuuza. Ninapenda kumtaja mmoja wao, Sor Juana Inés de la Cruz, mshairi na mwanazuoni wa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Jerome, ambaye katika barua yake mashuhuri ya mwaka 1691 alitetea haki ya mwanamke ya kusoma, na ndani ya utetezi huo akaeleza mambo aliyoyachunguza jikoni. Aliandika kwamba ili shira ya sukari isigande yatosha kuitia maji kidogo sana yaliyolowekwa tunda chachu, na akasema kuwa lau Aristotle angalipika, angaliandika mengi zaidi. Miaka mingi baadaye wanakemia walithibitisha kwamba uchachu huivunja sehemu ya sukari kuwa sukari mbili ndogo zaidi, na kwamba mchanganyiko huo ndio unaozuia chembe zisijijenge na kuwa kama mchanga. Mwanamke yule alikwisha kuliona tukio lenyewe kwa macho, mbele ya moto. Nitalirudia jambo la chembe za sukari baadaye kidogo, kwa sababu ndilo linalowasumbua wapishi wengi wa kajeta.

Hapo awali jina la kajeta halikuwa la maziwa peke yake. Vitamutamu vingi vya matunda, kama ule uji mgumu wa mapera au wa viazi vitamu uliopikwa na sukari, vilifungwa katika visanduku vidogo vya mbao ili visafirishwe, na jina la sanduku likahamia kwenye kilichomo ndani. Kajeta ya maziwa ilikuwa ndugu mmoja katika ukoo huo. Wale ndugu wa matunda wakafifia au wakapewa majina mengine, na huyu wa maziwa akabaki na jina la ukoo mzima, tena akiambatana na mji wake: mtu akisema kajeta, msikilizaji huongeza Celaya moyoni mwake.

Mji huo umepita katika historia nzito. Tarehe 21 Septemba 1810 jeshi la padri Miguel Hidalgo, lililoanzisha vita vya uhuru, liliingia Celaya, na huko ndiko alikopewa cheo cha kuwa jemadari wake mkuu. Mwezi Aprili mwaka 1915, wakati wa mapinduzi, majeshi ya Álvaro Obregón na Pancho Villa yalipambana mara mbili nje ya mji, na askari wa Obregón walitumia mifereji ya kumwagilia mashamba kama mahandaki. Sababu ya mji kugombewa hivyo ndiyo iliyoisaidia kajeta kujulikana, nayo ni reli. Njia ya reli kutoka mji mkuu hadi mpaka wa Marekani ilikamilika mwaka 1884 ikipita Celaya, na njia ya pili, iliyokamilika mwaka 1888, ilikatiza papo hapo. Abiria waliokuwa wakisubiri kubadili treni walinunua visanduku vya kajeta kwa wachuuzi wa stesheni, wakavichukua kama zawadi hadi majumbani mwao. Chakula kisichooza hakiogopi safari ndefu, na ndivyo kazi ya jikoni mwa Bajío ilivyofika kila pembe ya nchi. Mwaka 2010, Meksiko ilipoadhimisha miaka 200 tangu vita vya uhuru vianze, kajeta ilitangazwa kuwa kitamutamu cha maadhimisho hayo.

Sasa tuje jikoni, ambako nataka tukae zaidi.

Kwa sufuria ya nyumbani, chukua lita 4 za maziwa ya mbuzi, sukari nyeupe kati ya gramu 800 na kilo 1, vijiti viwili vya mdalasini, na kijiko kimoja kidogo cha bikaboneti ya soda, ule unga mweupe unaotumika kuumulia keki. Nasisitiza kwamba ni bikaboneti, wala si magadi ya mawe tunayopikia maharage, kwa kuwa magadi yana nguvu zaidi na yataiachia kajeta ladha ya sabuni. Maziwa yawe ya siku hiyo hiyo. Maziwa yaliyoanza kuchacha, hata kama pua haijatambua, yatakatika sufuriani yatakapopata moto, na hakuna ufundi utakaoyarudisha. Mfugaji anajua pia kwamba maziwa ya mbuzi hunyonya harufu upesi, kwa hiyo yaliyokamuliwa karibu na beberu au kuachwa wazi zizini yatatoa kajeta yenye uvundo, si ule ukali mzuri unaotafutwa.

Chombo cha asili ni sufuria pana ya shaba nyekundu, yenye kitako cha mviringo, inayofuliwa kwa nyundo. Mji unaosifika zaidi kwa kazi hiyo ni Santa Clara del Cobre, katika jimbo jirani la Michoacán, ambako Wapurepecha walikuwa mafundi wa shaba tangu kabla ya ukoloni. Shaba hupokea joto haraka na kulisambaza sawasawa, hivyo maziwa hayaungui sehemu moja huku yakibaki mabichi sehemu nyingine, na upana wa sufuria huyawezesha maji kupaa upesi. Ila shaba inadai usafi. Kutu yake ya kijani ni sumu, na mafundi huisugua sufuria kwa ndimu na chumvi kabla ya kila pishi mpaka ing'ae, wala hawakiachi chakula kilale ndani yake. Asiye na shaba atumie sufuria nzito ya chuma cha pua. Sufuria nyepesi ya alumini itamfanya ajute kabla ya saa ya pili.

Tia maziwa, sukari na mdalasini, uweke kwenye moto wa wastani, ukoroge mpaka sukari iyeyuke na maziwa yaanze kutokota. Hapo epua. Koroga bikaboneti katika maji kidogo, kisha imimine ndani polepole. Maziwa yatafura kwa nguvu, kwa maana soda inapokutana na uchachu hutoa hewa, na ndiyo sababu sufuria haipaswi kujazwa kupita nusu. Povu likishatulia, rudisha jikoni. Kwa saa ya kwanza maziwa yanaweza kuchemka kwa uchangamfu, na kukoroga mara kwa mara kunatosha. Baada ya hapo rangi inaanza kubadilika, kwanza kama chai ya maziwa iliyotiwa majani machache, kisha kama asali, na kuanzia hapo mpishi hana ruhusa ya kuondoka. Moto hupunguzwa, na mwiko hupita chini ya sufuria bila kusimama, ukikwangua kitako na pembe zake ili ukoko usishike. Waliowahi kuona halwa ikisongwa Zanzibar au Oman, ile kazi ya kupokezana mwiko mrefu juu ya sufuria kubwa ya shaba, wataitambua mara moja aina ya subira ninayoizungumzia.

Kwa kipimo nilichokitaja, kazi yote huchukua kati ya saa 2 na saa 3, na lita 4 za maziwa zitakupa chini kidogo ya lita 1 na nusu za kajeta. Kuna dalili mbili za kuaminika za kujua kwamba imeiva. Ya kwanza ni kuupitisha mwiko katikati ya sufuria: njia yake ikibaki wazi kwa muda mfupi na kitako kikaonekana kabla kajeta haijajifunika tena, iko tayari. Ya pili ni kudondosha tone kwenye sahani baridi na kulitazama kama linatambaa taratibu badala ya kukimbia. Wengi hukosea kwa kungoja ifikie jikoni uzito wanaoutaka mezani, huku wakisahau kwamba ikipoa itazidi kuwa nzito. Iliyopitiliza kidogo inaweza kuokolewa kwa maji machache ya moto. Ichujwe kwa kitambaa safi, itiwe ingali moto katika chupa za kioo zilizochemshwa, na ifunikwe barabara. Chupa isiyofunguliwa hukaa miezi kadhaa bila jokofu, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yake ni machache na yameshikwa na sukari, hata vijidudu haviyapati.

Niseme sasa kwa nini soda inahitajika, kwa kuwa wanafunzi huniuliza hivyo kila mara. Maziwa, ya mbuzi kama ya ng'ombe, yana uchachu hafifu. Yakiwa mabichi uchachu huo hauna madhara, lakini kadiri maji yanavyopaa ndivyo tindikali na chumvi zake zinavyokusanyika katika ujazo mdogo, mpaka protini zinashindwa kuvumilia, zinaganda na kujitenga na maji. Soda huipooza tindikali hiyo, na protini zikabaki zimetawanyika mpaka mwisho. Faida yake ya pili ni rangi. Watu wengi huamini kwamba ukahawia wa kajeta unatokana na sukari iliyoungua, jambo ambalo si sahihi. Sukari ya kawaida huhitaji joto la karibu nyuzi 160 za Selsiasi ili igeuke karameli, ilhali sufuria ya maziwa, maadamu ina maji ndani yake, hukaa karibu na nyuzi 100, na kule Celaya, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachotokea ni kwamba protini za maziwa zinaungana na laktosi, sukari ya asili ya maziwa yenyewe, na kutoa mamia ya viungo vipya vya rangi, harufu na ladha. Mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1912, na mazingira yenye soda huyaharakisha. Soda ikizidi, kajeta huwa nyeusi kabla ya wakati na ladha yake huharibika. Ikipungua, hubaki ya rangi ya mchanga hata baada ya saa nyingi.

Kuhusu chembe: kajeta iliyopoa vibaya au kukaa muda mrefu huweza kukwaruza ulimi kama iliyotiwa mchanga laini, kwa sababu laktosi ni sukari isiyoyeyuka kwa wingi katika maji machache. Tunda chachu la Sor Juana haliwezi kutumika hapa, maana lingeyakata maziwa. Dawa ya viwandani ni kuongeza shira ya glukosi, na kiasi kidogo hakiharibu kitu. Mpishi wa nyumbani anaweza kujitahidi kwa njia nyingine, yaani kuhakikisha sukari imeyeyuka yote kabla maziwa hayajachemka, kutokwangua chembe zilizokauka ukutani mwa sufuria na kuzirudisha ndani, na kutoikoroga kajeta wakati inapoa.

Je, maziwa ya ng'ombe yatafaa? Yatatoa kitu kitamu, bila shaka. Waargentina, Wachile, Wakolombia na Wabrazili wote wana vitamutamu vyao vya namna hiyo, na kila taifa lina sababu ya kujivunia chake. Lakini mafuta ya maziwa ya mbuzi yana asidi tatu fupi zilizopewa majina yao ya kisayansi kutokana na mnyama huyo mwenyewe, nazo ndizo zinazotoa ile harufu inayouzuia utamu usichoshe. Kijiko cha tatu cha kajeta ya mbuzi kina ladha kama cha kwanza. Sijaona hivyo katika ile ya ng'ombe, na hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu.

Watengenezaji wa Celaya hutambua aina kadhaa. Ipo iliyopikwa zaidi mpaka ikawa nyeusi na yenye uchungu kidogo, ipo inayotiwa kileo mwishoni, na ipo ya vanila. Hii ya vanila inanigusa kwa sababu vanila ndicho kiungo pekee katika sufuria hiyo kilichokuwako Meksiko kabla ya merikebu, kikilimwa na Watotonaki wa Papantla. Nje ya Meksiko mmea huo kwa kawaida ulikuwa hauzai kwa kukosa mdudu wa kuuchavusha, hadi mwaka 1841 ambapo Edmond Albius, kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion, alipobuni njia rahisi ya kuuchavusha kwa mkono. Ni kwa njia yake ndipo vanila ilipoenea Bukini, yaani Madagaska, na Komoro, na leo wakulima wa Uganda na wa Kagera huchavusha ua moja moja kama alivyofanya yeye.

Huliwa kwa namna nyingi: kwa kijiko, kwa mkate, kwa ndizi, au ikipakwa kati ya vipande viwili vya kaki nyembamba kama karatasi. Mikahawa hupenda kuimwagia juu ya chapati za maji laini zilizokunjwa mara nne, pamoja na siagi, maji ya chungwa na kokwa za pekani zilizokaangwa. Katika mji wa Linares, jimbo la Nuevo León, maziwa ya mbuzi hupikwa mpaka yakaweza kufinyangwa, yakachanganywa na pekani na kuviringwa kuwa madonge yanayofungwa kwa karatasi nyekundu inayong'aa.

Ninalo jambo moja la mwisho, na ninalisema kwa wafugaji hasa. Maziwa ya mbuzi ni ghali na hayapatikani kwa wingi ule ule mwaka mzima, hivyo viwanda vingi vya leo huchanganya maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe, huongeza glukosi kwa wingi na wanga wa kuleta uzito, na huupika mchanganyiko huo kwa muda mfupi. Bidhaa hiyo hufungwa katika chupa yenye picha ya mbuzi. Mnunuzi asitazame picha, bali asome orodha ya viungo, ambayo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo: kama maziwa ya mbuzi hayako mwanzoni, bei ya mbuzi isilipwe. Na kama miongoni mwenu wapo watakaoamua kuipika kwa ajili ya kuuza, kwa kuwa mbuzi wa maziwa sasa wako katika mazizi mengi ya nchi zetu, ninawasihi waandike kwenye chupa kiasi halisi cha maziwa ya mbuzi kilichomo na tarehe ya kupikwa, na wauze chupa ndogo kwa bei inayolipa saa 3 za kusimama na mwiko mkononi. Sufuria iliyoko meza ya nyuma imekwisha kutiwa soda. Watakaopenda kushika zamu ya kukoroga wanaweza kuanza sasa, na maswali nitayajibu tukiwa hapo hapo jikoni.